KIFUNIKO KINACHOVUJA SI NENO DOGO



Mwezi huu tumeona yafaa kuandika juu ya vifuniko vya matangi na ngama za meli, na jinsi ya kuviziba vinapovuja. Pengine mmoja wenu atauliza: sisi watu wa reli tuna haja gani na meli, na hasa kule Lamu ambako reli haijafika? Jibu ni rahisi. Tangu mwaka 1948 hata mwaka 1969 reli na bandari za Afrika Mashariki zilikuwa shirika moja, na wazee wetu wa gatini na wa stesheni walikula mshahara wa tajiri mmoja. Tena, mtu aliyewahi kupanda juu ya behewa la tangi anakijua kifuniko chake, bolti zake na mvuke wake. Kifuniko cha tangi la meli ni ndugu yake.

Watu wa Lamu hawahitaji kufundishwa kwamba chombo huvuja. Zamani mitepe ya visiwa vile ilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na mabaharia wakifua maji safari nzima. Na fundi wa jahazi wa Matondoni hushindilia pamba yenye mafuta katika mshono wa mbao, kwa patasi na nyundo ya mbao, tundu kwa tundu, kisha hupaka deheni chini. Hakuna nahodha mwenye akili amwambiaye fundi wa kalafati, "Ziba juu juu, twende zetu." Ajua kwamba bahari haidanganyiki.

Lakini sasa mambo yamegeuka. Tarehe 20 Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa pale Kililana. Umekuwapo pia kwa miaka mingi mpango wa bomba la mafuta ghafi kutoka Lokichar, Turkana, mpaka Lamu. Ikiwa siku moja meli za mafuta zitafunga pale, watakaotumwa kupanda juu ya matangi ni vijana wa Amu, Siyu, Faza na Kizingitini. Yafaa wajue kazi hiyo mapema, kabla ya kutumwa.

Kifuniko cha chuma hakizibi kwa uzito wake. Kinachoziba ni mpira uliomo ndani ya mfereji wake, ambao hubanwa juu ya ukingo wa mlango. Mpira mzuri hubonyea, na ukiachiliwa hurudi. Ukizeeka hulala, haurudi tena, na hapo hata ukikaza nati kwa nguvu zako zote maji yatapita. Ukingo wenye kutu au uliopindika hufanya vivyo hivyo. Na mpira wa kawaida haufai kwa mafuta, maana mafuta huuvimbisha na kuulainisha. Sharti utumike mpira uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Bolti nazo zikazwe kidogo kidogo, huku na mkabala wake, wala si upande mmoja mpaka mwisho.

Namna za kupima zipo. Ya kwanza ni chaki: paka ukingo, funga, fungua, tazama kama alama imeuzunguka mpira wote. Lakini chaki huonyesha kwamba mpira umegusa tu, haionyeshi kwamba umebana. Ya pili ni maji ya nguvu kwa mpira wa bomba, huku mtu akitazama chini, ngama ikiwa tupu. Ya tatu ni chombo cha sauti isiyosikika kwa sikio: kimoja huwekwa ndani, kingine hupitishwa nje, na panapovuja sauti hutoka.

Viko na vifaa vya dharura: kabari za mbao, sahani ya chuma yenye mpira chini yake hubanwa kwa skurubu, vingine hushikwa kwa sumaku, na utepe mzito wa kubandika juu ya maungio ya vifuniko vya shehena. Vyote hivi ni vya kufikia bandarini salama. Si matengenezo. Meli inayotoka bandarini ikitegemea utepe imetoka mbovu. Na mahali penye mvuke wa mafuta usigonge chuma kwa chuma: cheche moja yatosha. Wala mtu asiingie tangini kutafuta tundu kabla hewa haijapimwa, na mwenzake hajasimama mlangoni. Wengi wamekufa kwa kumfuata rafiki aliyeanguka ndani.

Asemaye kwamba haya ni madogo na aikumbuke meli ya Kiingereza Derbyshire. Ilizama tarehe 9 Septemba 1980 katika tufani kusini ya Japani, na watu wote 44 wakafa. Jamaa za marehemu hawakunyamaza. Mwaka 1994 Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi lilitoa fedha za kuitafuta, ikaonekana chini ya bahari. Uchunguzi uliomalizika mwaka 2000 ulisema kwamba maji yaliingia kwanza kwa matundu madogo ya hewa huko omo, meli ikainama, ndipo mawimbi yakavunja vifuniko vya ngama. Ndugu, ni fedha za vyama vya wafanyakazi zilizoiona meli ile.

Tena aikumbuke Prestige, meli ya mafuta iliyokatika vipande viwili na kuzama mbali na pwani ya Hispania tarehe 19 Novemba 2002, ikiwa na tani 77,000. Ilibidi chombo cha kuzamia kiteremke zaidi ya mita 3,500 kuziba tundu moja baada ya jingine. Kazi ya namna hiyo hufanywa kwa gharama kubwa mno, na wavuvi wamekwisha kupoteza riziki. Kilindini nako mafuta yalimwagika mwaka 2005, mikoko ikaharibika. Na Lamu ndiko iliko zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya. Ndani yake samaki huzaa, na kwayo watu hujenga.

Basi twasema wazi mambo manne. Kwanza, vijana wa bandari wafundishwe kupima na kuziba kabla ya meli ya kwanza ya mafuta kufika. Pili, mpira ubadilishwe ukilala, wala fundi asipewe utepe badala yake. Tatu, kipimo cha hewa kiwepo gatini kila zamu. Nne, mfanyakazi akataaye kuingia tangi lisilopimwa asifukuzwe wala kukatwa mshahara.

Matajiri watasema muda ni mali. Ni kweli. Lakini mpira mpya hununuliwa dukani, na baba wa watoto hanunuliwi. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na baharini, ndugu, hakuna mahali pa kujenga ukuta.

Kila tawi lijadili maneno haya mkutanoni, na katibu alete majibu kwa maandishi.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI