Wenye kamioni za Ngomo, tengenezeni giaboksi kabla ya kupakia watu

Leo naomba tuangalie chini ya kamioni. Pale kwenye parkingi, kamioni zinapopakia kuelekea Bukavu, utaona mafuta mekundu yakidondoka kwenye vumbi. Shoferi anayaona. Mwenye kamioni anayaona. Msaidizi anamwaga mchanga juu yake, na wamama wanaendelea kupandisha watoto. Mafuta hayo ni ya giaboksi ya otomatiki. Ninasema wazi: kupandisha watu Ngomo kwa kamioni ya namna hiyo ni kosa, na wanaolifanya wanajua.

Kwa wasioijua njia hiyo: Uvira iko kando ya Ziwa Tanganyika, karibu mita 770 juu ya bahari. Bukavu iko kando ya Ziwa Kivu, karibu mita 1,460. Barabara ya taifa namba 5 haigawi mpando huo sawasawa. Toka Uvira, Sange, Luvungi hadi Kamanyola ni uwanda wa Ruzizi. Kisha unafika Ngomo, na mlima unakuja kwa mara moja, kona juu ya kona, bonde upande mmoja na ukuta wa udongo upande mwingine. Kwa miaka mingi mwenye karatasi na pesa amezungukia Rwanda kwenye lami. Mwenye magodoro, bidoni na watoto sita amepita Ngomo, juu ya mizigo. Vita ilipoingia Goma Januari 2025, na Bukavu Februari, familia nyingi zilishuka upande wa Kamanyola na Uvira kwa chochote chenye magurudumu.

Kamioni kubwa za gia ya mkono zina magonjwa yake, leo siyazungumzii. Ninazungumzia zile ndogo za otomatiki, zilizotumika kwanza ng'ambo, zikapita bandarini Mombasa au Dar es Salaam, zikafika kwetu zikiwa zimechoka. Ndani ya giaboksi yake, mafuta ndiyo yanayosukuma gari, ndiyo yanayolainisha vyuma, na ndiyo yanayotoa joto nje. Yanafanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 80 hadi 95 hivi. Kiwandani waliyapitisha ndani ya radieta ya maji ili yapoe. Lakini radieta yenye miaka 20, iliyojazwa maji ya mtoni, imeziba nusu. Sasa pakia tani tatu, ongeza watu 25 juu, panda Ngomo kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mashine inalia, magurudumu yanazunguka polepole, na nguvu inayopotea katikati yake yote inageuka joto. Upepo wa kupoza haupo, maana gari haliendi. Mafuta yakipita nyuzi 120, sili za ndani zinaanza kukauka na kuwa ngumu, mafuta yanavuja, sahani za klachi zinateleza, na kule kuteleza kunaleta joto lingine tena.

Wengi wanafikiri hasara yake ni gari kulala njiani. Hapana, ndugu zangu. Giaboksi ikiacha kushika katikati ya mpando, kamioni inarudi nyuma, na nyuma ni bonde. Kwenye mteremko ni vibaya zaidi: sahani zilizoungua haziwezi kuzuia gari kwa gia, kwa hiyo shoferi anabaki na freni peke yake. Anakanyaga kona ya kwanza, ya pili, ya tano, freni zinachemka, harufu inatoka, na mguu unafika chini bila kukuta kitu. Hapo tunaanza kusema shetani wa Ngomo amechukua watu. Shetani gani? Ugonjwa ulikuwa unadondoka parkingi tangu asubuhi.

Tena mafuta hayo yakidondokea bomba la moshi lenye moto yanaweza kuwaka. Watu wa barabara hii hawahitaji kufundishwa juu ya moto. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka, na watu zaidi ya 200 walikufa. Sababu ilikuwa nyingine, lakini makaburi yapo, tunayapita.

Dawa inajulikana katika kila garaji: radieta ndogo ya nyongeza kwa mafuta ya giaboksi. Utasikia papa mwenye kamioni akisema gari ni mzee, halistahili pesa. Barieri ni nyingi, kila moja inakula. Barabara yenyewe mbovu. Juu ya barieri na barabara ana haki, na sisi tumelilia jambo hilo mara nyingi. Lakini radieta ndogo iliyotumika haifikii bei ya mpira mmoja mpya, na mpira ananunua, kwa sababu bila mpira kamioni haiondoki. Bila radieta ndogo inaondoka. Hiyo ndiyo tofauti yote, na gharama yake ameihamishia kwa abiria.

Na ninyi mafundi, msijifiche nyuma ya mwenye mali. Radieta iliyotolewa kwenye gari lililokufa giaboksi inabeba unga wa chuma ndani. Usipoiosha mpaka itoke safi, umehamisha kifo toka gari moja kwenda lingine. Ikae mbele ya radieta ya maji, mahali feni inapovuta hewa, maana Ngomo upepo mwingine hakuna. Ifungwe kwa vyuma vyake na vipande vya mpira. Waya uliopitishwa katikati ya mapezi yake utayatoboa kwa mtikisiko. Mafuta yatoke giaboksi, yapite radieta kubwa, kisha ndogo, ndipo yarudi. Kama radieta kubwa imeoza ndani na maji yanaingia kwenye mafuta, iruke kabisa mpaka ipatikane nzima. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa ni alama yake. Mpira wa maji usiutumie, joto la mafuta litaulainisha na utachomoka. Tafuta ule wa mafuta, ukae mbali na bomba la moshi, na kila ncha ifungwe vizuri. Mwisho washa gari, lipate moto, pima mafuta kama kitabu cha gari hilo kinavyosema, ongeza, angalia tena kama kuna tone.

Siku hiyo hiyo, gari likiwa bado limelala, tazama bomba za freni, feni, na freni ya mkono. Ni kazi ya siku moja. Tunasikia kwamba siku moja ni hasara ya safari. Sawa, iwe hasara ya safari.

Wapo pia wanaokodi. Mashirika yanayobeba unga na mahema kwa ajili ya wahamiaji mara nyingi yanatazama bei na karatasi. Karatasi haishiki mteremko. Anayelipa kamioni ana nguvu ambayo mama mwenye mtoto mgongoni hana: anaweza kutuma fundi wake alale chini ya gari kabla ya kutia sahihi. Na yule wa barieri anayeomba hati tatu na franka zake, ainame mara moja tu aangalie kama kuna mafuta chini.

Familia mnaosafiri, najua hamna uchaguzi mwingi. Lakini kabla ya kulipa, inameni. Mkiona tone jekundu linalojirudia, au mkisikia harufu ya kuungua gari likiwa bado uwandani, semeni kwa sauti, wengi kwa pamoja, na msilipe nauli yote mbele. Pale Kamanyola mwambieni shoferi asimame, gari lipoe kabla ya mpando. Wenye nguvu washuke kwenye kona mbaya watembee, na msaidizi afuate nyuma kwa miguu akiwa na kipande cha mti cha kuweka chini ya gurudumu.