Hewa Inayodhoofisha Jino Lililozibwa

Mgonjwa anayelalamika kuwa jino lililozibwa juzi linauma anapokunywa maji baridi asiambiwe tu avumilie. Sababu ni nyingi. Mojawapo ni hewa iliyopulizwa kupita kiasi. Asidi ya fosfori ikishaondoa madini ya dentini, hubaki wavu wa nyuzi za kolajeni ulioshikiliwa na maji. Ukikaushwa, wavu huporomoka na gundi hukosa pa kupenya. Gundi ya asetoni isiyo na maji haiwezi kuuinua tena. Yenye maji huuinua kiasi. Kukausha hadi weupe wa chokaa kunaifaa enameli. Kwenye dentini ni uzembe, maana faida ya kuiacha na unyevunyevu imejulikana tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Zamu ya hewa ni baada ya gundi kupakwa, taratibu, ili kiyeyushi kitoke kabla gundi haijagandishwa kwa taa.