SEHEMU YA 5: "BIBI AMEZEEKA TU" SIYO JIBU

Mama, leo naomba tugombane kidogo.

Bibi ameanguka jikoni, kazinduka baada ya muda mfupi, anasema yuko sawa. Iwe Uyole, Tukuyu, Mafinga au Kilolo, hukumu ni ileile: "Amezeeka." Wengine wanamtafuta mchawi. Wengine wanampa soda, eti presha imeshuka.

Jamani, moyo una umeme wake. Unaanzia juu, unashuka chini, ndipo moyo unapiga. Umri ukienda, njia za huo umeme zinaweza kuchakaa. Umeme unachelewa au unakatika, mapigo yanashuka mpaka 40 au chini zaidi, ubongo unakosa damu, bibi anaanguka. Kwa hiyo uzee unachangia, sawa. Lakini hitilafu hii inapimwa na inatibika!

Na huyo bibi ndiye mnayemwachia mtoto. Ndiye anayembeba mgongoni huku akisonga ugali. Akizimia jikoni wanaumia wawili. Usiniambie mambo ya wazee hayakuhusu.

Mnampima presha duka la dawa, mnasoma namba mbili, mnaondoka. Ile ya tatu je? Hiyo ndiyo mapigo ya moyo. Hakikisha kwa mkono: akiwa ametulia, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu dakika nzima. Kawaida ni 60 hadi 100. Ikiwa chini ya 50 na ana kizunguzungu au anachoka kwa hatua chache, hospitali leo leo. Aliyezimia aende hata kama mapigo yako sawa, maana hitilafu hii huja na kuondoka.

Ulizeni kipimo cha ECG, kile cha kubandika nyaya kifuani. Hakiumi, ni dakika chache. Bebeni dawa zake zote. Nyingine, kama atenolol, hupunguza mapigo. Msizikatishe wenyewe, daktari ndiye aamue.

Wapo watakaohitaji betri ya moyo, inayowekwa chini ya ngozi kifuani. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inaiweka. Ni mbali na ni gharama, najua. Ulizeni bima, ulizeni ustawi wa jamii hospitalini. Ila sisi tunaounda kamati na vikao kwa ajili ya send-off, kikao cha moyo wa bibi kinatushindaje?

Jioni hii shika mkono wake, uhesabu. Ukishahesabu, ndipo uje uniambie habari za uzee.