Duka la nyumbani: usitume hela ya kulikuza kabla hujalipima

Mshahara ukiingia tu, simu inalia. Ujumbe wa sauti kutoka nyumbani: "Duka linaenda vizuri sana, wateja wengi, ila mzigo umepungua. Na tukipata friji, tutauza soda na maji." Unasikiliza jikoni kwa bosi huku unaosha vyombo, au kwenye basi la kampuni ukirudi kambini, na moyo unafurahi. Unatuma.

Mimi nasema usitume kwanza. Wala sisemi kwamba ndugu zako ni wezi. Ninachosema ni kwamba duka ambalo kila mwezi linasubiri mshahara wako bado hujajua kama ni biashara. Huenda ni mtoto mwingine unayemlea.

Tupige hesabu ya mfano kwa shilingi za Tanzania. Tuseme duka la mtaani linauza 70,000 kwa siku. Kwa siku 30 ni 2,100,000. Ukiambiwa "tumeuza milioni mbili" unaona umeshatoka kimaisha. Lakini mauzo siyo faida. Sukari, unga, mchele na mafuta vina faida ndogo. Tuseme kwenye kila shilingi 100 inabaki 12. Hapo umebaki na 252,000. Toa kodi ya fremu 70,000, umeme 20,000, muuzaji 100,000, usafiri wa mzigo 20,000. Inabaki 42,000.

Sasa nyumbani wanachukua dukani unga, sabuni, majani ya chai na vocha. Tuseme 3,000 tu kwa siku. Kwa mwezi ni 90,000. Duka limeshaingia hasara ya 48,000, na hakuna aliyeiba hata senti. Wewe ukituma 100,000 "ya kuongezea mzigo", rafu zinajaa na picha kwenye simu inapendeza. Mkataba wa miaka miwili ukiisha, umetia humo 2,400,000, na ukirudi hakuna mshahara unaokungoja pale.

Kwa hiyo, kabla ya friji, kabla ya duka la pili, fanya jambo moja: funga bomba kwa miezi mitatu. Usitume chochote kwa ajili ya duka. Hela ya chakula cha nyumbani itume pembeni, kwa jina lake, na nyumbani wanunue dukani kwa fedha taslimu kama mteja mwingine yeyote.

Najua hapa ndipo penye ugumu. Mama atasema, "Mwanangu siku hizi unanihesabia sukari?" Mjibu kwa adabu: "Hapana mama. Sukari yako ipo na nitaituma. Nataka tu kujua kama duka hili litatulisha nikirudi." Kula ni haki yake. Kosa ni kuchanganya mfuko wa kula na mfuko wa biashara, halafu wote tunashangaa mtaji umeenda wapi. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku ya kwanza ya miezi hiyo mitatu, duka lihesabiwe. Video ya rafu haitoshi. Kila kitu kiandikwe kwa bei ya kununulia. Jumlisha hela iliyopo na madeni ya wateja ambayo kweli yatalipwa, kisha toa mnachodaiwa na wauzaji wa jumla. Siku ya mwisho mhesabu tena vilevile. Namba ikipanda bila hela yako, hiyo ni biashara. Ikibaki palepale, angalau inalipa gharama zake. Ikishuka, umepata jibu. Wateja nao wakizoeshwa kulipa kwa lipa namba, itakuwa rahisi kuona kilichoingia bila kugombana na mtu.

Ila kuwa mwadilifu kwenye kipimo. Duka jipya la miezi miwili bado linahitaji kunyonya. Usipime msimu wa Ramadhani na Idi peke yake, wala Januari peke yake, watu wakiwa na ada za shule.

Kaka zangu wa ujenzi wenye bodaboda, hili ni lenu pia. Hesabu ya siku unayoletewa siyo faida yote. Matairi, mnyororo na oili vinakula humo. Na pikipiki yenyewe inachakaa: kama hutengi kitu kila wiki, ikifa unaanza upya kwa mshahara wako.

Duka likifaulu, likue kwa jasho lake. Kanuni yangu ni nusu kwa nusu: friji ikiwa 900,000, duka liweke akiba 450,000 kwanza, nawe uongeze nyingine. Likishindwa kuweka nusu, hata friji itageuka mzigo wa umeme. Duka la pili lisubiri mpaka umpate mtu wa pili wa kulisimamia, maana msimamizi mmoja hagawanyiki. Mara nyingi kukua ni kuongeza zile bidhaa tano zinazotoka haraka na kuacha zile zinazolala mpaka zinaharibika.

Na likishindwa? Lifunge, uza kilichopo, weka hela kwenye akaunti yenye jina lako. Watu watasema wiki mbili. Kulilisha duka lililokufa kutakugharimu mkataba mwingine wa miaka miwili, mbali na watoto wako.

Ijumaa hii ukipumzika, chukua karatasi, andika kiasi unachohitaji kwa mwezi siku ukirudi nyumbani kabisa. Kisha mwulize anayesimamia duka: mwezi uliopita, baada ya kutoa kila kitu, kilibaki nini? Kama hana jibu, hapo ndipo pa kuanzia. Friji isubiri.