Bonasi ya bima: usiipoteze siku unapobadili gari

UCHAMBUZI

GISENYI -- Mfanyabiashara anayevuka kila wiki kati ya Gisenyi na Goma anajua kuhesabu gharama za safari yake: mafuta, ushuru, posho ya dereva, maegesho, wapakiaji. Lakini ipo fedha moja ambayo wengi huisahau mpaka siku wanapokwenda kukata bima mpya na kuambiwa walipe ada kamili kama mtu aliyenunua gari jana. Fedha hiyo ni bonasi, yaani punguzo analopewa mwenye gari aliyemaliza mwaka bila kudai fidia.

Suala hili linawagusa hasa wale wanaobadili aina ya bima. Msafirishaji anapumzisha lori au pikapu ya mizigo, anabaki na gari la zamani alilolitunza, pengine Land Cruiser au Peugeot 504 ya miaka ya 1970, na anataka kulikatia bima ya gari la kale. Je, bonasi aliyoijenga kwa miaka mingi inamfuata?

Jibu fupi ni kwamba haimfuati yenyewe. Lazima aibebe, na mara nyingine ni afadhali asiipeleke huko kabisa.

Tuanze na hesabu. Tuchukue mfano wa gari ambalo ada yake ya mwaka ni faranga 400,000. Mwenye bonasi ya asilimia 30 atalipa 280,000, kwa hiyo bonasi yake ina thamani ya faranga 120,000 kwa mwaka. Akigonga taa ya mtu na matengenezo yakawa faranga 60,000, kisha akaipelekea kampuni ya bima dai hilo, anaweza kupoteza 120,000 mwaka unaofuata kwa ajili ya kuokoa 60,000 leo. Lakini kama hasara ni faranga 900,000, asisite kudai, kwa sababu bima ilikatwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Ikumbukwe pia kwamba kutoa taarifa ya ajali si sawa na kudai fidia. Hati nyingi za bima zinamtaka mteja atoe taarifa mapema hata kama ataamua kulipa mwenyewe. Anayeficha ajali, kisha aliyegongwa akajitokeza baada ya miezi mitatu, anajiweka pabaya zaidi.

Bima ya gari la kale ina taratibu zake. Kwa kawaida thamani ya gari hukubaliwa mapema kati ya mwenye gari na kampuni, kilomita za mwaka huwekewa kikomo, na gari haliruhusiwi kubeba mizigo wala abiria wa kulipa. Kwa kuwa gari la namna hiyo hutembea kidogo, ada yake huwa ndogo tangu mwanzo. Ndiyo maana katika nchi nyingi bonasi haina uzito mkubwa katika bima hii. Huko Ufaransa, ambako bonasi na adhabu yake, malus, zimewekwa na sheria, magari yaliyozidi miaka 30 hayalazimiki kufuata utaratibu huo. Huko Uingereza, kampuni nyingi hazimwongezei mteja miaka ya bonasi anapokuwa kwenye bima ya gari la kale, na bonasi isiyotumika kwa miaka miwili kwa kawaida hukataliwa.

Hapo ndipo penye mtego. Msafirishaji anaihamishia bonasi yake yote kwenye gari la kale, ambako inampunguzia kidogo tu. Baada ya miaka mitatu biashara inaamka, ananunua lori jingine, na anapoomba bonasi yake anaambiwa imekwisha muda. Bonasi moja haitumiki kwa magari mawili kwa wakati mmoja. Mwenye magari mawili aiache kwenye lile linalomletea mkate, na kwa lile la kale aombe bei nzuri kwa hoja nyingine: linalala ndani, linatembea kidogo, na dereva ni mmoja.

Kwa wasafirishaji wa ukanda huu, muda ambao gari linakaa bila bima ni hatari nyingine. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa mpaka mwisho wa Januari 2022, karibu miaka mitatu. Machi 2020 ikaja korona. Juni 2022 Bunagana ikachukuliwa na M23, na mwishoni mwa Januari 2025 Goma nayo ikachukuliwa. Kila mara njia inapofungwa, kuna mwenye gari anayeamua kuliegesha na kuiacha bima ife ili aokoe fedha. Uamuzi huo unaweza kuwa na maana, lakini aulize kwanza kampuni yake itaishikilia bonasi kwa muda gani, na jibu alipate kwa maandishi. Pengine kuendelea na bima ndogo, ile ya mtu wa tatu tu, kutamgharimu chini ya kuanza tena kutoka sifuri.

Jambo jingine ni Kadi ya Njano ya COMESA, iliyoanza kutumika mwaka 1987. Msafirishaji wa Rwanda anaitumia Kongo na Uganda, na hata Tanzania, ambayo ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango wa kadi hiyo. Kadi inalipa madhara anayopata mtu wa tatu kwa kufuata sheria ya nchi ajali ilipotokea, pamoja na gharama za dharura za matibabu. Hailipi uharibifu wa gari lako mwenyewe.

Wengi wanadhani ajali ya Goma iliyolipwa kwa kadi imeishia Goma. Sivyo. Kadi ni nyongeza ya bima yako ya nyumbani. Ofisi ya kadi ya nchi uliyopata ajali inashughulikia dai, kisha inadai marejesho kutoka nchi iliyotoa kadi, na mwisho kampuni yako ndiyo inayobeba mzigo. Kwa kawaida dai hilo linaingia kwenye kumbukumbu zako kama ajali ya Gisenyi ilivyo, ila linaweza kuchelewa. Unaweza kuwa umekwisha kuhamia kampuni nyingine na kusema huna dai lolote, kisha barua ikafika. Kwa hiyo unapohama, itaje kila ajali ya ng'ambo ambayo haijafungwa. Aidha, kadi iliyotolewa na kampuni ya zamani haiendelei baada ya bima yake kusitishwa. Omba mpya kabla hujafika Petite Barrière au Grande Barrière.

Kwa upande wa Kongo suala hili ni jipya kuliko watu wanavyodhani. Tangu miaka ya 1960 shirika la SONAS lilikuwa peke yake sokoni, kwa hiyo hapakuwa na kampuni nyingine ya kuhamia. Sheria ya Machi 2015 ilifungua soko, na kampuni binafsi zikaanza kupewa leseni mwaka 2019. Rwanda, ambako kampuni ni nyingi na msimamizi ni Benki Kuu, BNR, mteja amezoea kulinganisha bei. Hata hivyo Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakujaunganisha bonasi. Bidhaa zinavuka, kadi inavuka, lakini miaka yako ya kuendesha bila ajali haivuki isipokuwa uwe na karatasi na kampuni ya pili ikubali kuisoma.

Karatasi hiyo ndiyo silaha ya msafirishaji. Kabla ya kusitisha bima, aombe kampuni yake cheti chenye jina la mwenye bima, namba ya gari, tarehe za kuanza na kuisha kwa kila mwaka, idadi ya madai na kiwango cha bonasi, kikiwa na saini na muhuri. Akiombe wakati bado ni mteja, maana aliyekwisha kuondoka huhudumiwa mwisho. Jina lililo kwenye bima liwe la yule atakayeitumia bonasi baadaye. Lori likiwa limeandikishwa kwa jina la ndugu au la ushirika, miaka yote kumi ya uangalifu inahesabiwa kuwa ya huyo ndugu au ushirika.

Serikali za ukanda huu zimezungumza sana juu ya kupunguza gharama za kuvusha mizigo. Utaratibu wa kampuni za bima kutambua vyeti vya wenzao wa nchi jirani haungehitaji barabara mpya wala mkopo. Mpaka siku hiyo ifike, msafirishaji wa Gisenyi atunze cheti chake pamoja na kadi ya gari, na asikubali kuhama kampuni kwa ahadi ya mdomo ya wakala.