Dagaa wa mezani huanzia mlimani

Wazazi wenzangu, fungu la dagaa likipungua pale soko la Mwanga, wengi wetu humlaumu muuzaji. Mara nyingi kosa si lake. Limeanzia mlimani.

Tazama vilima vinavyoshuka ziwani kuelekea Gombe. Jane Goodall alipofika huko mwaka 1960, msitu ulienea hadi mbali nje ya hifadhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipita juu kwa ndege ndogo, akaona hifadhi imezungukwa na vilima vitupu. Miti ilikatwa kwa kuni, mkaa na mashamba. Mvua ikinyesha kwenye mteremko usio na miti, udongo wa juu hushuka ziwani. Mkulima anapoteza rutuba, mvuvi naye anaumia, kwa kuwa tope hufunika mawe ya ufukweni ambako samaki wengi huzaliana.

Tena ziwa limepata joto. Utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, hivyo chakula cha samaki hupungua. Kokoro nalo huzoa hata vichanga. Ndiyo maana mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ziwa lipumzike.

Jamii haianguki siku moja kwa kishindo. Huanza nyumba moja moja. Baba anakosa kipato, anaaga kwenda kutafuta kazi mbali. Mama anakopa. Binti anaacha shule. Kijana anaingia ziwani usiku kwa kujificha. Nyumba za namna hiyo zikiwa nyingi, majirani huanza kugombania shamba na mwalo, na kuaminiana kunakwisha. Mchuma janga hula na wa kwao.

Hata hivyo, mkoa wetu umeonyesha njia ya kurudi. Mwaka 1994 ulianza mradi wa TACARE katika vijiji vinavyozunguka Gombe. Wanakijiji waliulizwa kwanza wao wanahitaji nini. Walitaja chakula, afya na shule, na kazi ikaanzia hapo. Baadaye vijiji vikatenga misitu yao, na visiki vilivyoachwa vikachipua. Aliyelaza mtoto njaa hawezi kuambiwa atunze mti akasikia.

Nyumbani tufanye nini? Tumia jiko banifu, mkaa udumu. Mpe kila mtoto mche wake aumwagilie mpaka ushike. Kataa kununua vichanga vya migebuka, hata vikiwa bei rahisi. Msimu wa dagaa wengi, weka akiba na uanike wa kutosha, ili ziwa likifungwa tena usilazimike kumtoa mtoto shule.

Na jioni ya leo, mkiwa mezani, waulize watoto: huyu dagaa ametoka wapi? Wasaidie jibu lifike hadi mlimani.