Usimfiche Daktari Kidevu Chako

Safu ya Mwanaidi Shekue

Wapo kina dada wanaoamka kabla ya adhana wakanyoe kidevu, waume zao wasione. Wembe, poda nzito, kisha mtandio unavutwa hadi mdomoni. Wakifika hospitali watataja hedhi inayoruka miezi, watataja chunusi. Ndevu hawazitaji, na daktari naye hazioni kwa kuwa zimenyolewa vizuri.

Hilo linaniuma, maana huo ndio ushahidi aliouhitaji. Nywele nyeusi, ngumu, zinazoota kidevuni, kifuani au chini ya kitovu huchochewa na homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo. Tangu kazi ya watafiti Ferriman na Gallwey ya mwaka 1961, madaktari wana namna ya kuzipima kwa macho tu: siku hizi ni sehemu 9 za mwili, kila moja alama 0 hadi 4. Hakihitajiki kitendanishi wala mashine.

Mara nyingi chanzo ni PCOS, hali inayovuruga homoni na upevukaji wa mayai. Shirika la Afya Duniani linakadiria inawapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajijui. Lakini mtu kupigwa ultrasaundi, akaambiwa "una vifuko" na kupewa dawa mlangoni, huko si kuchunguza. Kwa mwanamke mzima zinatakiwa dalili mbili kati ya tatu: hedhi isiyoeleweka, homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Tena baada ya kupima tezi ya shingo, prolaktini, na damu ya asubuhi inayoonyesha hitilafu ya kurithi ya tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo.

Swali ninalotaka kila daktari aulize ni hili: nywele hizo zilianza lini? Zilizoanza baada ya kuvunja ungo zikaongezeka polepole, hizo zina nafasi ya kuchunguzwa kwa utulivu. Zilizozuka ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito na kipara kikaanza, testosteroni ipimwe upesi. Huenda ni uvimbe wa ovari au wa adrenali. Ni nadra, ila haungojewi.

Halafu kuna mkorogo, mchanganyiko wa krimu za kujichubua, siri nyingine ya chumbani. Krimu zenye steroidi kali zinaweza kuotesha vinyweleo usoni zenyewe. Zikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu, dawa huingia kwenye damu: uso unavimba kama mwezi, ngozi inachanika michirizi ya zambarau. Hapo mgonjwa atatibiwa ovari bure.

Basi, dada yangu, wiki chache kabla ya kliniki uache wembe. Andika tarehe za hedhi. Kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango sema, kwani hushusha testosteroni kwenye majibu. Na lile kopo la krimu litie mkobani, hata kama halina lebo.